Maji yamefika Tabora, tope je?

Taarifa nilizosoma kuhusu maji ya Ziwa Victoria kufika Tabora zina mtindo mmoja: mkopo wa dola milioni 268 kutoka India, kilomita za mabomba, mama anafungua koki anacheka. Sina ugomvi na furaha hiyo. Ila kisayansi, habari imekatwa nusu. Maji yale husafishwa Ihelele, Misungwi, na uchafu unaotolewa hauyeyuki hewani. Kumbe Tabora inakunywa maji, tope linabaki kwa jirani! Na maji ya Bwawa la Igombe, yanayosafishwa Tabora kwenyewe, huacha tope lake Tabora.

Hebu tupige hesabu. Shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, hukusanya udongo kuwa vibonge laini vinavyoshika maji kama sponji. Tope lake likiwa na yabisi asilimia 1, kila kilo 100 ni kilo 99 za maji. Likamue mpaka asilimia 20, unabaki na kilo 5. Tripu 20 zimekuwa moja. Hapo ndipo inapoingia polima: minyororo mirefu ya molekuli inayonasa vibonge vingi na kuviunganisha, maji yakapata pa kutokea. Zinahitajika kilo chache tu kwa tani ya yabisi. Ukizidisha, tope linateleza kama mlenda na kuziba kitambaa cha kuchujia.

Sasa wanaoipigia debe polima, nao nina neno nao. Wanatuonyesha mashine za kukamua za Ulaya, kama vile Tabora haina jua. Kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua ni nadra sana. Tope ukilimwaga kwenye kitanda cha mchanga linakauka bure. Polima inaanza kuwa na maana Novemba, mvua zinaporudi: maji ya bwawa yanachafuka, tope linaongezeka, kitanda hakikauki. Na ni msimu huohuo ambapo unga wa polima, unaopenda unyevu, unaganda stoo ukitunzwa vibaya.

Halafu kuna njia. Misafara ya kutoka Bagamoyo ililipa hongo kwa watemi mpaka inaingia Unyanyembe. Gunia la polima leo linalipa nauli kutoka bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Makala za polima nilizopitia zinatoa asilimia za ukavu mpaka nukta ya desimali, lakini bei ya gunia likishafika Tabora, hakuna. Mwezi wa kulitumia, hakuna. Mhandisi wa Igombe atafanyia nini makala hiyo?