"Shoga" katika Hadithi ya Alifa Chokocho: Tahadhari kwa Mtahiniwa

Ukifundisha "Shogake Dada ana Ndevu" (katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, 2016) hapa Kangeta, darasa huangua kicheko kabla ya aya ya kwanza. Usikizime upesi kicheko hicho.

Pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Mama humwita jirani yake hivyo bila aibu yoyote. Huku bara maana iliyobaki ni moja: mwanamume anayependa wanaume, tena kwa dharau. Basi mtahiniwa huandika kwamba maudhui ya hadithi ni ushoga. Si kweli. Kimwana ni mvulana aliyejifunika buibui ili aingie chumbani mwa Safia, na Safia anafariki akijaribu kuavya mimba. Kinaya ni cha wazazi, Bwana Masudi na Bi Hamida: wanachohofia ni wavulana, hivyo aliyevaa buibui hupita. Anayeziona ndevu ni Lulua, mdogo wake Safia, naye ni mtoto, hasikilizwi.

Kuna mwanafunzi atakayeuliza: je, Kimwana angekuwa msichana kweli, nao wakapendana? Hadithi haifiki huko; inachukulia kuwa wasichana wawili chumbani ni salama. Aliyefika huko ni Wanuri Kahiu katika filamu ya Rafiki (2018), kupitia Kena na Ziki wa Nairobi. Ilipigwa marufuku, kisha mwaka huohuo Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7. Mwalimu anayelijibu swali hilo kwa kejeli (nami nimewahi) husahau kwamba huenda muulizaji anajiulizia nafsi yake.

Jaribu zoezi hili: waichore hadithi kwa vibonzo. Watakwama mara moja. Ndevu ziwekwe wapi? Nathari huficha kwa kunyamaza; picha haina budi kuamua nani anaona nini. Cece Bell wa Marekani, katika El Deafo (2014), alichora uziwi wake mwenyewe kwa maneno yanayofifia ndani ya puto betri ya kifaa chake inapoisha. Msomaji hukosa kile anachokosa mtoto, wala haombwi huruma. Linganisha na insha zetu, ambamo mlemavu huwa mzigo wa wazazi tu.

Kundi moja darasani mwangu lilichora kila kitu kutoka kimo cha Lulua: magoti ya wakubwa, ukingo wa meza, na Kimwana akitazamwa kutoka chini, ndani ya buibui.