Jozi sita za Mwanza

Tuchukue zahanati moja ya maeneo ya Manyovu mkoani Kigoma, huku juu mpakani ambako migomba na mibuni imeshika miteremko inayotazamana na Burundi. Mhudumu anawapima malaria watoto kumi wenye umri wa chini ya miaka mitano. Hakuwangoja waje wakiumwa. Amewapata kwa kura kutoka kijiji kizima. Kipimo kinaonyesha wote kumi hawana vimelea. Je, malaria imekwisha?

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta mkoa wa Kigoma ukiongoza nchini: kama watoto 24 kati ya kila 100 walikuwa na vimelea kwa kipimo cha haraka. Tuseme kijiji chetu nacho kiko hivyo hivyo. Basi uwezekano wa mtoto mmoja kukutwa hana vimelea ni 0.76. Zidisha 0.76 kwa yenyewe mpaka watoto wote kumi waingie, unabaki na 0.064. Maana yake, kama zahanati mia zingefanya zoezi hili hili katika vijiji vya namna hii, sita hivi zingepata sufuri bila neti hata moja kuongezwa. Nyingine saba hivi zingekuta watoto watano au zaidi wana vimelea, na mganga mfawidhi wa kila moja angepiga simu wilayani akihofia mlipuko. Vijiji ni vile vile, mbu ni wale wale.

Hesabu yenyewe mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Ninachokistahi ni nidhamu iliyo nyuma yake: kabla ya kusifu dawa au kulaumu mbu, mtafiti huuliza bahati ingefanya nini ikiachwa peke yake. Huanza na dhana kwamba hakuna tofauti yoyote, anaihesabia haki zake zote, kisha anatazama kama alichokiona uwandani kinaweza kukaa ndani ya dhana hiyo bila kulazimishwa. Anafanya kama wakili wa upande asioutaka.

Lakini hesabu ya watoto kumi ina ufa. Kuzidisha 0.76 mara kumi kunadai kwamba kila mtoto anasimama peke yake. Watoto wa nyumba moja wanalala chumba kimoja na kuumwa na mbu mmoja. Ukiwachukua kumi kutoka kaya tatu, hao si kumi tena kwa hesabu ya bahati. Watafiti wengi wameanguka hapo. Kazi ya Kitanzania ninayoirudia kila ninapotaka kuona ufa huu ukizibwa kwa ustadi ilifanyika mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994.

Swali lake lilikuwa zito. Mtu mwenye kisonono, kaswende au kidonda cha zinaa huambukizwa na kuambukiza VVU kwa urahisi zaidi. Hilo lilikuwa limeanza kueleweka. Je, matibabu mazuri ya magonjwa hayo katika zahanati za kawaida za vijijini yangepunguza maambukizi mapya ya VVU? Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na wenzao wa London, wakiongozwa na Heiner Grosskurth, wakiwamo pia Frank Mosha, John Changalucha na mtakwimu Richard Hayes, walipanga kujibu. Huduma yenyewe haikuwa na mbwembwe: wahudumu wafundishwe kutibu kwa kufuata dalili bila kungoja maabara, dawa zisikatike, usimamizi uwepo, na wananchi waelimishwe wawahi kutibiwa.

Huduma ya namna hii haigawiki kwa mtu mmoja mmoja. Huwezi kumfundisha mganga kumtibu vizuri huyu na kumtibu ovyo jirani yake. Kwa hiyo kura ilipigwa kwa jamii, kila jamii ikiwa ni watu wanaohudumiwa na kituo fulani cha afya. Zilichaguliwa jamii 12, zikapangwa jozi sita. Hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Jamii ya visiwani ilipewa mwenzake wa visiwani, ya ufukweni ikapewa ya ufukweni, ya barabara kuu ikapewa ya barabara kuu, na idadi ya watu waliokuwa wakifika kutibiwa magonjwa ya zinaa nayo ikaangaliwa. Jamii za barabarani na za mashambani haziambukizani kwa kasi moja. Ukizilinganisha ovyo, tofauti utakayoiona itakuwa ya lami, si ya dawa. Ndani ya kila jozi, moja ilipata huduma mara moja, nyingine baada ya miaka miwili.

Kwa nini sita? Chukua dhana kwamba huduma haisaidii kitu. Ndani ya kila jozi, jamii itakayoonyesha maambukizi machache inakuwa kama upande wa sarafu: ama hii, ama ile. Jozi zote sita zielekee upande mmoja, uwezekano ni moja kwa 64. Mtafiti mwaminifu anakubali pia kwamba zingeweza zote kuelekea upande wa pili, huduma ikadhuru, basi anahesabu mbili kwa 64, karibu 0.03. Jozi zingekuwa tano, hata kama zote zingekubaliana, ungepata mbili kwa 32, yaani 0.0625, juu ya ule mstari wa 0.05 ambao watafiti wengi wameuzoea. (Mstari huo ni desturi tu, haukushuka kutoka mbinguni.) Kwa kipimo hiki rahisi, sita ndiyo idadi ndogo kabisa inayoweza kuvuka.

Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwezi Agosti 1995. Kati ya watu 4,149 waliokuwa hawana VVU mwanzoni katika jamii zenye huduma, 48 waliambukizwa katika miaka miwili. Upande wa pili waliambukizwa 82 kati ya 4,400. Na katika jozi zote sita, bila kubakiza hata moja, jamii yenye huduma ilikuwa na maambukizi machache zaidi.

Baada ya kusawazisha tofauti nyingine, maambukizi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 42, na thamani ya p ikawa 0.007. Magazeti hupenda kuisoma namba hii kinyume, kwamba kuna nafasi saba tu kwa elfu kuwa huduma haifai. Namba haisemi hivyo. Inasema kwamba kama huduma isingefaa kitu, tofauti kubwa kama hii au kuizidi ingejitokeza kwa bahati mara saba hivi katika elfu. Ninayoipenda zaidi ni namba nyingine ambayo haikupata kelele: kipimo halisi cha upungufu kingeweza kuwa popote kati ya asilimia 21 na 58. Watu zaidi ya elfu nane wamepimwa damu, na bado uwanja ni mpana kiasi hicho, kwa sababu watafiti walikataa kujidai kuwa na elfu nane. Walikuwa na jamii 12.

Mwaka 1999 ikaja habari ya Rakai, Uganda. Huko, upande wa huduma, watu wazima wote, wenye dalili na wasio nazo, walipewa dawa majumbani kila baada ya miezi kumi. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka, pande zote mbili. Wapo waliosema basi Mwanza walibahatisha. Ni hukumu ya haraka. Rakai tayari ilikuwa na VVU kwa asilimia 16 hivi ya watu wazima, Mwanza asilimia nne. Virusi vikishaenea hivyo, vingi hupita kwa watu wasio na ugonjwa mwingine wa zinaa. Tena vidonda vingi vya Rakai vilitokana na virusi vya hepesi, ambavyo antibiotiki haziviwezi. Majaribio mawili yalijibu maswali mawili.

Leo ukitaka kulirudia jaribio la Mwanza huku Manyovu, utakutana kwanza na habari njema. Kigoma ni kati ya mikoa yenye VVU chini ya wastani wa taifa, na anayetumia ARV hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Tuseme maambukizi mapya yamebaki sehemu moja ya kumi ya yale ya Mwanza. Badala ya 82 kwa 48 ungepata wanane kwa watano, na pengo la wanane kwa watano, au kubwa zaidi, bahati peke yake hulileta zaidi ya nusu ya mara. Jozi sita hazingefua dafu; zingetakiwa jamii nyingi zaidi, au miaka mingi zaidi ya kuchukua damu.