Kauli ya Mnyonge Jukwaani

Bagamoyo, mji ambao Dunda ni kata yake mojawapo, una sifa ya chuo kama ulivyo na sifa ya bahari. Chuo cha Sanaa kilianzishwa humo mwaka 1981. Mji wa namna hii haukosi michezo inayotetea amani na haki. Swali la mhakiki si kama nia ya michezo hiyo ni njema, bali ni nani mwenye kauli ndani yake.

Mchezo wa kutetea haki huingia ila upesi pale hukumu inapotolewa jukwaani kabla mtazamaji hajafikiri. Mwovu hutubu, mnyonge hushukuru, ngoma hupigwa, watu hurudi makwao. Mvuvi aliyepunjwa bei ya samaki wake huonewa huruma, wala hapati shauri.

Njia bora ilionekana Malya, mkoani Mwanza, baina ya 1982 na 1983. Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hawakuwapelekea watu mchezo uliokwisha kutungwa. Jambo la mimba za wasichana wa shule lilitafitiwa pamoja na wanakijiji, likaigizwa nao, likajadiliwa hadharani.

Yuko atakayesema kwamba sanaa hushuka thamani ikiachiwa wasiosomea. Lakini aliyeonewa ameusomea uonevu kuliko mwalimu wake. Msanii ana kazi ya kumpa umbo la kusemea, si ya kumsemea. Mchezo wa haki hupimwa kwa maneno ya watazamaji baada ya ngoma kunyamaza.