Silinda Juu ya Eksili ya Jeshi

Mwaka 1956 kampuni ya Roadless Traction ya Hounslow, magharibi mwa London, ilianza kuuza trekta la Fordson Major linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mwanzilishi wake, Luteni Kanali Philip Johnson, alikuwa ametoka kwenye uundaji wa vifaru vya Vita Kuu ya Kwanza. Fordson lilitoka Dagenham. Eksili ya mbele ilikuwa ya lori la GMC la jeshi la Marekani, mojawapo ya yale yaliyobaki kwa wingi Ulaya baada ya vita. Kati ya gia boksi na eksili ya nyuma wakapachika kisanduku cha kugawa nguvu, shafti ikapelekwa mbele, na trekta likaanza kulima udongo mzito uliokuwa ukilikwamisha.

Ila usukani wake ni kazi ya mabega. Eksili hiyo ni nzito, matairi yake ni mapana na yana meno, na yote hayo yanageuzwa kwa mikono ya dereva kupitia boksi la stelingi na rodi ndefu ya kusukuma. Gurudumu likigonga jiwe, usukani unaruka, ndiyo maana madereva wa zamani hawakuwa wakizungushia kidole gumba ndani ya duara lake. Wenye matrekta haya leo, wale wanaotaka kuyalimia na si kuyapanga tu kwenye maonyesho, huomba yawekewe stelingi ya haidroliki. Fundi mzuri wa kazi hiyo nampenda kwa sababu hashiki gurinda mapema. Huanza na kadibodi, kamba na kalamu.

Kifaa chenyewe hakina fumbo. Chini ya usukani hukaa vali yenye kigia chenye meno sita kinachozunguka ndani ya pete yenye mabonde saba, mfumo uliobuniwa na Lynn Charlson wa Minnesota. Kila mzunguko wa usukani hupitisha kiasi kilekile cha mafuta kwenda kwenye silinda inayosukuma magurudumu. Mkono ukitulia, springi huirudisha vali katikati na mafuta hayaendi tena. Hakuna rodi kati ya dereva na magurudumu, ni mipira ya mafuta tu.

Ugumu unaanzia kwenye hesabu. Tuseme silinda ina kipenyo cha ndani cha milimita 50, rodi yake ni ya milimita 28, na mwendo wake ni milimita 200. Ikiwa rodi imetokea upande mmoja tu, upande mtupu unahitaji sentimita za ujazo 393 ili kumaliza mwendo, na upande wenye rodi unahitaji 270. Maana yake dereva atazungusha usukani mara nyingi zaidi akikata kona ya upande mmoja kuliko ya upande wa pili. Watu wengi huvumilia kasoro hiyo. Fundi ninayemsifu hatafuti mtu wa kuvumilia. Anachukua silinda yenye rodi pande zote mbili, kila upande 270, na vali ya sentimita za ujazo 80 kwa mzunguko. Gawanya: mizunguko mitatu na kidogo kutoka kona hadi kona. Angechukua vali ya 100, mizunguko ingepungua hadi chini ya mitatu, lakini injini ikizimika usukani ungekuwa mzito zaidi mkononi. Hapo ndipo busara yake inapoonekana, maana anaichagua vali kwa kufikiria ile siku mbaya.

Kisha, silinda ikae wapi? Eksili ya mbele haikufungwa imara kwenye trekta. Inabembea kwenye pini ya katikati ili magurudumu yafuate ardhi. Ukiifunga silinda kwenye fremu, kila eksili inapobembea magurudumu yatajigeuza yenyewe, hata kama dereva hajagusa kitu. Kwa hiyo silinda inafungwa kwenye eksili yenyewe na kubembea pamoja nayo. Kasoro hiyo ya kujigeuza ilikuwamo hata kwenye rodi ya kiwandani, nayo sasa inakwisha. Kwangu hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote, ingawa mpita njia hatakiona.

Lakini silinda hiyo, kwa presha ya bar 100, inasukuma kwa nguvu inayozidi tani moja, kushoto na kulia, siku nzima. Mabano yanayoishika lazima yastahimili hayo. Fundi wa haraka angechomelea moja kwa moja kwenye gamba la eksili, na moto ungelipinda gamba na kuharibu sili za mafuta. Huyu wetu anakata bamba nene, analichonga kwa tupa hadi likumbatie mviringo wa gamba bila mwanga kupenya kati yao, kisha analibana kwa bolti. Anapiga jeki upande mmoja hadi eksili ifike mwisho wa kubembea, anageuza magurudumu yote kona, na kupitisha mkono kwenye kila mpira kuona kama unavutika au unasuguliwa. Halafu anafanya vilevile upande wa pili.

Pampu nayo ina mtego wake. Kwenye matrekta mengi ya wakati ule, pampu ya kuinulia plau ilisimama dereva alipokanyaga klachi. Ukiitegemea hiyo, usukani utakufa palepale unapotaka kupunguza mwendo kwenye kona. Inatakiwa pampu ya pekee inayovutwa na injini moja kwa moja, yenye tangi na chujio lake, na mipira iliyosafishwa ndani kabla ya kufungwa, maana nafasi ndani ya vali ni nyembamba mno na chembe ya chuma inatosha kuikwamisha.

Boksi la zamani halitupwi. Linapakwa grisi na kufungwa pamoja na bolti zake, kwa kuwa vali mpya imekalia matundu yaleyale na hakuna lililotobolewa upya. Mwenye trekta akitaka siku moja kulirudisha lilivyotoka Hounslow, ataweza.

Mwishoni fundi huzima injini na kuzungusha usukani kwa mikono. Sasa kile kigia chenyewe ndicho kinachopampu mafuta. Ni kizito, lakini magurudumu lazima yafike kona zote mbili, na yasipofika, hewa bado imo kwenye mipira na trekta haliondoki karakana siku hiyo.