Kijiti Kinachongoja Povu

Tarehe 1 Machi 1944, kampuni ya Pfizer ilifungua kiwanda cha penisilini huko Brooklyn, New York, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha barafu. Waliweka matangi 14, kila moja la galoni 7,500, yaani karibu lita 28,000. Habari za matangi hayo husimuliwa kama habari za vita na za majeruhi waliopona, na ni haki. Lakini kila nikizisoma, mawazo yangu huenda kwa watu wa zamu waliosimama juu ya matangi wakilinda povu.

Kuvu anayetoa penisilini anahitaji oksijeni, na maji hayawezi kuhifadhi oksijeni nyingi: katika joto la kawaida, lita moja ya maji hubeba miligramu kama 8 tu. Kilichomo humalizwa upesi, kwa hiyo hewa lazima isukumwe kutoka chini ya tangi mchana na usiku huku pangaboi likiivuruga. Chakula nacho kilikuwa na mambo yake. Mwaka 1941, Norman Heatley kutoka Oxford na Andrew Moyer walifanya kazi pamoja katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, Illinois. Hapo ndipo ilipogunduliwa kwamba maji mazito yanayobaki viwandani mahindi yakilowekwa ili kutoa wanga humfanya kuvu atoe penisilini nyingi zaidi. Maji hayo yamejaa protini. Tia protini, pitisha hewa, koroga kwa nguvu: povu litapanda kama maziwa yaliyosahauliwa motoni. Viwanda vya wakati ule vililituliza kwa mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na oktadekanoli.

Tatizo hilo halikuisha na vita. Leo insulini hutengenezwa na bakteria au hamira waliobadilishwa vinasaba, na dawa nyingi za saratani hutengenezwa na seli zilizotokana na mnyama mdogo aitwaye hamsta. Wote hulelewa ndani ya bioreakta, chombo kilichofungwa na kutakaswa kwa mvuke, na wote hutoa povu. Juu ya chombo kuna njia ya kutolea hewa, na mwisho wa njia hiyo kuna kichujio chenye matundu ya sehemu 0.2 ya maikromita, kilichotengenezwa kwa utando unaokataa maji. Povu lenye protini likikifikia hukilowesha. Hewa hukosa pa kutokea, mgandamizo hupanda, na ule unyevu huwa daraja ambalo vijidudu vya nje vinaweza kupita kuingia ndani. Kazi ya siku nyingi huweza kumwagwa kwa sababu ya dakika chache za povu.

Mlinzi wa njia hiyo, ukimshika mkononi, hana makuu. Ni kijiti cha chuma kisichoshika kutu, kimevishwa ala ya tefloni au kauri kutoka juu mpaka karibu na mwisho. Ncha peke yake imeachwa wazi. Hupitishwa kwenye kifuniko kikaning'inia juu ya kimiminika. Kuta za viputo vya povu ni maji yenye chumvi, kwa hiyo povu likigusa ncha, umeme mdogo hupita humo mpaka kwenye mwili wa chombo, na mtambo unajua kwamba povu limefika. Umeme huo huwa wa kugeuka mwelekeo kila mara, maana ule wa upande mmoja ungeila ncha polepole.

Kazi ya fundi ni kuamua kijiti kining'inie wapi. Kikishuka mno, matone yanayorushwa na pangaboi yatakigusa na dawa ya kutuliza povu itamwagwa bure. Kikipanda mno, povu litakapokifikia muda wa kulizuia utakuwa umekwisha. Kimiminika chenyewe huvimba hewa inapopita ndani yake, kwa hiyo kipimo kinachochukuliwa chombo kikiwa kimetulia ni cha uongo. Fundi mzuri hufungulia hewa, huwasha pangaboi, hungoja uso utulie katika kimo chake kipya, ndipo anapokaza skrubu ya kijiti. Kama chakula kitaendelea kuongezwa kwa siku kadhaa, hupima kwa kimo cha siku ya mwisho. Hilo la mwisho ndilo linalonipendeza kuliko yote: kuona leo chombo kitakavyokuwa keshokutwa.

Kisha kuna uchafu. Povu likishuka huacha utando wa protini juu ya ala, na mvuke ukigeuka maji juu yake, njia ya umeme hubaki ingawa povu limekwenda. Kijiti hulia povu pasipo povu. Mtambo mtiifu usio na busara ungetii kila kilio, na asubuhi mafundi wangekuta chupa ya dawa tupu na seli zinakosa pumzi. Ndiyo maana mtambo hufundishwa subira. Mguso wa sekunde moja haujibiwi, kwani huenda ni tone tu. Ukidumu, pampu inayokamua mpira hudondosha dawa kwa sekunde chache, kisha husimama. Pangaboi hupewa muda wa kuisambaza dawa. Baada ya hapo kijiti huulizwa tena. Dozi zikizidi idadi iliyowekwa, kengele humwita mtu.

Subira hiyo ina sababu. Dawa inayotumika sana ni mafuta ya silikoni yenye chembe za silika ndani yake. Tone lake halichanganyiki na maji. Huingia kwenye ukuta wa kiputo na kuziba nafasi kutoka upande hadi upande, kisha ukuta hupasuka. Chembe za silika husaidia tone kutoboa uso. Lakini tone hilo hilo likishuka kwenye kimiminika, huvifanya viputo vidogo viungane kuwa vikubwa. Hewa ni ile ile, ila eneo la kukutana na maji limepungua, na oksijeni inayoingia hupungua nalo. Mtambo wa oksijeni ukigundua hivyo huongeza kasi ya pangaboi, na kasi huleta povu jingine, na povu huomba dawa nyingine. Nimewapenda tangu zamani mafundi wanaoliona duara hili kabla halijafunga, wakapunguza kidogo hewa au wakaongeza mgandamizo badala ya kutia dawa. Na dawa iliyozidi huja kuziba vichujio vya kusafishia bidhaa mwishoni.

Seli za wanyama zina ugumu wao. Kiputo kikipasuka juu ya maji huweza kuiua seli iliyo karibu, kwa hiyo hutiwa poloksama 188 kuzikinga. Kinga hiyo hiyo hulipa povu nguvu ya kukaa.

Wapo wanaotumia kamera, na wapo wanaofunga sahani inayozunguka kasi juu ya chombo ili kulivunja povu bila dawa yoyote. Sahani hula umeme na hushindwa na povu zito la viputo vidogo. Kioo cha kamera huingia ukungu. Mimi bado nakitetea kijiti, kwa sharti kwamba yupo mtu wa kukisafisha na kukipima upya kila kundi jipya la seli linapoanza.

Mtu huyo hupata pia habari ambayo hakuiomba. Povu la saa za mwanzo hutoka kwenye chakula. Seli zikila protini, mara nyingi povu hutulia. Likirudi baadaye kwa nguvu, huenda seli zimeanza kufa na kumwaga yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo akiona kwenye grafu kwamba dozi zimeanza kukaribiana mapema kuliko katika kundi lililopita, haongezi dawa kwanza. Huchota sampuli, huitazama chini ya hadubini, akahesabu seli zilizo hai.