Chuo Bila Kitabu: Kichwamaji na Ufundishaji wa Fasihi katika Chuo Kikuu

Makala haya yananuia kujadili jambo moja tu: kwamba katika vyuo vikuu vyetu vikubwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa mara nyingi pasipo fasihi yenyewe kusomwa. Mfano tutakaoutumia ni Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotolewa mwaka 1974. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mhusika wake mkuu ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwa hiyo riwaya inamhusu kila anayeifundisha na kila anayefundishwa. Pili, kosa tutakalolieleza lilitendeka katika kuifundisha riwaya hiyo, na aliyelitenda ni mwandishi wa makala haya.

1. Kosa lenyewe

Miaka michache iliyopita nilifundisha somo la riwaya kwa wanafunzi wapatao mia tatu. Katika kitini nilichowagawia niliandika kwamba Kichwamaji ilichapishwa Dar es Salaam. Sivyo, ilichapishwa Nairobi na East African Publishing House. Mtihani ulipofika, swali moja liliwataka watahiniwa waijadili riwaya hiyo pamoja na mazingira ya kutolewa kwake. Nilisahihisha karatasi hizo nyumbani Kitengela kwa muda wa wiki mbili, usiku. Karatasi baada ya karatasi zilisema Dar es Salaam. Zilifuata pia orodha yangu ya dhamira kwa utaratibu uleule, na hata neno moja nililokuwa nimelipiga chapa vibaya lilinirudia kama nilivyoliandika. Karatasi moja ilisema Nairobi. Niliitia alama ya kosa.

Mwenye karatasi hiyo alikuwa mwanafunzi wa kike kutoka Namanga. Alifika ofisini na nakala kuukuu ya riwaya, jalada lake limeshonwa kwa uzi. Aliniamkia, “Shikamoo, mwalimu,” nami nikamwitikia. Akaufungua ukurasa wenye jina la mchapishaji, akauliza kwa adabu, “Mwalimu, hiki kitabu ndicho kilichokosea?” Nakala ile aliazimwa na mjomba wake aliyewahi kuwa mwalimu upande wa Longido, naye aliinunua kabla ya mpaka kufungwa mwaka 1977.

2. Kitabu na mpaka

Huenda msomaji akasema kwamba mahali pa kuchapishwa ni jambo dogo. La hasha. Namanga ni mji mmoja uliokatwa na mstari: upande mmoja ni Kajiado nchini Kenya, upande wa pili ni Longido nchini Tanzania, na Wamaasai wana jamaa pande zote mbili. Katika miaka ya mwanzo ya sabini Kezilahabi, mwandishi wa Kitanzania mzaliwa wa Ukerewe, aliwafikia wasomaji wake kwa njia ya Nairobi. Rosa Mistika (1971) ilitolewa huko. Kichwamaji na diwani ya Kichomi, zote za 1974, vilevile. Mpaka ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Gamba la Nyoka, iliyotolewa mwaka 1979, ilichapishwa Arusha.

Sisemi kwamba kufungwa kwa mpaka ndiko pekee kulikobadili wachapishaji. Ninachosema ni kwamba hapa pana swali la kihistoria kuhusu fasihi yetu, nalo haliwezi kumjia mtu ambaye hakukishika kitabu mkononi. Wanafunzi mia tatu hawakulikuta swali hilo kwa sababu mwalimu wao alikuwa amekwisha kuwapa jibu, tena la uongo.

3. Riwaya na kitini

Kitini changu kilieleza kwamba dhamira kuu ya Kichwamaji ni kukata tamaa kwa wasomi, kisha kikaorodhesha dhamira ndogo ndogo upande wa maudhui, na wahusika, lugha na muundo upande wa fani. Orodha hiyo si ya uongo, lakini haimfikishi mwanafunzi kwenye uhakiki.

Riwaya hii inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Yote tuambiwayo kuhusu wazazi, kijiji, wanawake, na Manase, msomi mwenzake aliyekwisha kupata madaraka serikalini, yanapita katika macho ya Kazimoto. Naye Kazimoto ni mtu ambaye elimu yake imemtenga na watu wake, na mwisho wake ni kujiua. Je, tuyaamini macho hayo? Anapoidharau dunia, je, ni Kezilahabi anayeidharau, au ni Kezilahabi anayetuonyesha mtu mwenye dharau? Hata jina la riwaya lina ncha mbili: ni maradhi ya mtoto mwenye kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na ni tusi la mtu asiye na akili. Kichwa kilichojaa si lazima kiwe kichwa kinachofikiri.

Mwanafunzi aliyeikariri orodha huichukua hukumu ya Kazimoto kuwa ndiyo hukumu ya mwandishi, na huiandika katika mtihani kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Yule wa Namanga aliandika kwamba hakumwamini Kazimoto anapowasema wazee, kwa kuwa yeye mwenyewe husikia sauti kama hiyo kichwani mwake kila anaporudi nyumbani likizo, na anajua kwamba sauti hiyo haisemi kweli daima. Nilimpa alama nne kati ya kumi, kwa sababu hoja yake haikuwamo katika mwongozo wangu wa kusahihishia.

4. Tulifikaje hapa

Mnamo Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka mashuhuri jijini Nairobi, wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mwaka 1970 Dar es Salaam ilipata Idara ya Kiswahili. Hatua hizo zilibadili jawabu la swali, tusome nini? Swali la tusomeje liliachiwa hali ya mambo, na hali ya mambo ikawa wingi. Nchini Kenya, wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 waliingia vyuo vikuu mwaka 1990. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia, na madarasa ya jioni yakawa sehemu ya kawaida ya maisha ya mhadhiri. Ukumbi ulipanuka, nakala za vitabu katika maktaba hazikuongezeka kwa kiasi hichohicho. Kitini kikaziba pengo.

Lugha ya wanafunzi imekwisha kuyatambua haya. Upande wa kusini maandishi ya kuazimana huitwa madesa. Upande wa kaskazini kikaratasi cha kunakilia katika mtihani huitwa mwakenya. Katika jambo hili mpaka wa Namanga haukutenganisha kitu.

5. Pingamizi na pendekezo

Wenzangu watauliza: mwalimu mmoja mbele ya watu mia tatu atafanya nini? Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng’ambo tulikaa wanane kuzunguka meza moja, na kitabu kimoja kilituchukua mwezi mzima. Sina haja ya kuusifu ugeni. Ule ulikuwa utaratibu wa darsa za pwani yetu tangu zamani: matini katikati, mmoja anasoma, mwalimu anasimamisha na kuuliza.

Ninapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Tupunguze vitabu vya muhula kutoka vinane hadi vitatu. Tuweke katika kila mtihani dondoo ambalo halikujadiliwa darasani. Na miongozo yetu ya kusahihishia iache nafasi ya hoja ambayo mwalimu hakuifikiria.

6. Hitimisho

Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inatukumbusha kwamba chuo kwanza ni kitabu. Kutokana na maana hiyo likaja jina la mahali mtoto aendako kusoma, na hatimaye chuo kikuu. Neno limekua, nasi tumeiacha maana yake ya kwanza nyuma.

Mwanafunzi yule nilimrudishia alama zake. Katika kipindi kilichofuata nilisimama ukumbini, nikakiri kosa langu, nikalitaja jina la mchapishaji na mji. Kalamu zikainama kwa pamoja. Kisha mkono mmoja ukainuka nyuma: je, hilo la Nairobi litatoka kwenye mtihani?