Binti Mfalme Hana Jembe: Mwanamke katika Filamu za Hekaya za Katuni

Wapo ndugu watakaoshangaa kuona kurasa za itikadi zikijadili katuni za watoto. Tunawaomba wakae jioni moja katika kibanda cha video hapa Mkula, mkoani Simiyu, wakati wa kuchuma pamba. Watoto wanaoingia wametoka shambani na mama zao. Wanachokiona kwenye kioo ni jumba la kifalme. Wakitoka nje, wasichana huigiza: mmoja malkia, wa pili dada wa malkia. Hatujamwona hata mmoja akigombea kuwa mtumishi.

Filamu hizi zimebadilika, na si haki kukanusha. Katika Snow White (1937) binti anawafagilia nyumba mbilikimo saba walioko mgodini, kisha analala kama maiti mpaka mwana wa mfalme ambusu. Sleeping Beauty (1959) ni usingizi uleule. Kufika Frozen (2013), anayeokoa ni dada kwa upendo wake kwa dada yake, na mwanamume aliyetoa ahadi ya ndoa ndiye laghai. Katika Moana (2016) mchumba hayupo kabisa.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba maendeleo hayo yalikwenda kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa lugha huko Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walitoa hesabu ya nani anasema maneno mangapi katika filamu hizi. Katika Sleeping Beauty wanawake walisema asilimia 71 ya maneno. Katika The Little Mermaid (1989), iliyosifiwa kuwa mwanzo wa binti mwenye msimamo, wanaume walichukua asilimia 68. Katika Mulan (1998), hekaya ya mwanamke shujaa wa vita, wanaume walichukua asilimia 77. Sababu yake iko wazi: shujaa ni mwanamke mmoja, lakini askari, makamanda, washauri, hata joka msaidizi wake, wote ni wanaume. Mmoja alipandishwa jukwaani, wenzake wakatolewa ukumbini. Tunazijua kamati za vijiji zenye sura hiyohiyo.

Hatuna budi kuuliza nani alikuwa ameshika penseli. Mwaka 1938 kampuni ya Disney ilimjibu kwa barua mwanamke aliyeomba kazi, ikimweleza kwamba wanawake hawafanyi kazi ya ubunifu wa michoro. Hiyo ni ya vijana wa kiume, na wasichana kazi yao ni wino na rangi. Mikono ya wanawake ilipaka rangi maelfu kwa maelfu ya picha za Snow White, lakini fikra zao hazikuhitajika. Ilipita miaka 75 tangu barua hiyo mpaka Jennifer Lee alipoiongoza Frozen, pamoja na mwanamume, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza filamu ndefu ya katuni katika studio hiyo. Wanaosema sura ya mwanamke ilibadilika kwa huruma ya wenye mali wanapaswa kuisoma tarehe hiyo mara mbili.

Tabaka halikuguswa. Elsa ni malkia kwa kuzaliwa. Moana ni binti wa chifu. Mfanyakazi wa kweli tunayemkuta ni Tiana wa The Princess and the Frog (2009), mhudumu wa mkahawa anayeweka akiba senti kwa senti, naye ndiye binti mweusi wa kwanza katika mfululizo huo. Sehemu kubwa ya filamu anaonyeshwa akiwa chura. Azimio la Arusha la 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku. Saa hizo hazina nafasi katika hekaya hizi, kwani uchawi au wimbo mmoja humaliza kazi yote.

Sisi tulio jirani na Serengeti tunayo sababu ya pekee ya kuikagua The Lion King (1994). Utafiti wa simba wa Serengeti ulioanza mwaka 1966 umeonyesha kwamba nguzo ya kundi la simba ni majike: mabinti wengi hubaki katika ardhi ya mama na bibi zao, na madume huja, hukaa miaka michache, hufukuzwa na madume wengine. Filamu imeupindua ukweli huo. Ardhi ni ya baba na hurithiwa na mwana. Majike, wawindaji hodari, wanakaa na njaa chini ya dhalimu mpaka kijana aliyekimbia arudi. Na fisi madoa je? Koo zao huongozwa na majike. Filamu inaye fisi jike kinara, ikampa jina la Kiswahili: Shenzi. Mbuga yetu, lugha yetu, tusi letu.

Kwetu kazi imeanza. Ubongo ya Dar es Salaam ilimtoa Akili, mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro na kujifunza mengi akiwa ndotoni. Tunampenda, ingawa tungefurahi kumwona akijifunza zaidi akiwa macho. Ng'endo Mukii wa Kenya alikwenda mbali zaidi katika Enkai, filamu fupi iliyomo katika mkusanyiko wa Kizazi Moto (2023). Humo mama ni mungu mwenye kazi, nayo ni kuitunza dunia, na binti yake anaiona kazi hiyo. Penseli imo mkononi mwa mwanamke wa Afrika Mashariki. Lakini mkusanyiko huo ulitolewa katika huduma ya mtandao ya kampuni ileile ya Disney, inayolipiwa kila mwezi. Msichana wa Mkula akitaka kumwona Enkai, itambidi asubiri mtu amletee kwenye flashi, katikati ya Frozen na filamu ya mapigano.